Mgeni wa Miaka Hamsini

Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimeliandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Wazee wetu walihamia Nakuru kutoka magharibi mwa Kenya." Hiyo ndiyo sentensi niliyosimama kuisoma mbele ya wazee wa kanisa letu la Rhonda, Jumamosi moja mchana, kalamu nyekundu mkononi kana kwamba niko darasani. Kanisa lilikuwa linakaribia kutimiza miaka hamsini, na kamati ya jubilii ilikuwa imenipa kazi ya kuandika kijitabu cha historia yake. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya msingi huko Free Area, na watu hudhani mwalimu wa Kiswahili ana neno la kila kitu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Nilipomaliza kusoma nilingoja makofi.

"Nani alihama?" akauliza mzee mmoja wa safu ya mbele.

Mzee huyo alizaliwa Elburgon, kwenye kambi ya wafanyakazi wa msitu, na ujana wake wote aliumalizia kwenye mashine ya kupasua mbao. Mashine hiyo ilibaki na vidole vyake viwili, kwa hivyo akihesabu mambo kwa mikono huishia nane, halafu hucheka mwenyewe kabla hujamcheka.

"Kuhama ni ya mtu amejipanga," akaendelea. "Amefunga vitu, ameaga majirani, amechinja kuku. Sisi tuliambiwa asubuhi tutoke kwa kambi, jioni mabati ikang'olewa. Andika tulitolewa."

"Tulitolewa na nani, mzee?" nikauliza, maana sentensi yangu ilihitaji kukamilika.

"Wewe andika tu tulitolewa. Wenye walitutoa wanajijua."

Watu wakaangua kicheko. Kabla sijapata nafasi ya kusahihisha, fundi wetu wa sare za shule akainua mkono. Huyu ni mama mnene mwenye sauti ya kwaya, na ndiye rafiki mkubwa wa mama yangu. Yeye alikuwa amechungulia ukurasa wangu wa pili, ambapo niliwataja watu waliofika kanisani mwaka ule wa fujo za uchaguzi, wakalala chini kwenye mikeka kwa miezi. Nilikuwa nimewaandika wakimbizi.

"Mwalimu, mimi hiyo ya mkimbizi unifutie. Mimi sikukimbia, nilitembea. Siku mbili kutoka upande wa Molo, na cherehani kwa kichwa. Sasa wewe niambie, mtu anakimbiaje na cherehani kwa kichwa?"

Akasimama akatuonyesha, shingo imenyooka, mkono mmoja juu, akipita polepole kati ya mabenchi. Tulicheka mpaka machozi, naye pia, lakini aliporudi kuketi alikaa akiwa amekunja mikono. Nilifuta lile neno papo hapo.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Mzee aliyestaafu kutoka kiwandani akasema yeye alikuja kutafuta. Kutafuta nini? Kutafuta tu. Wazazi wetu walisema hivyo siku zote, mtu ameenda kutafuta, na hakuna aliyeuliza anatafuta nini. Mwingine akasema yeye aliletwa na gari la moshi, akitaja gari lenyewe kama ndilo lililokata shauri. Mwingine akasema watu wa kwao walitawanyika tu, leo huyu yuko Njoro, kesho yule yuko Kaptembwo, na kwamba hakuna siku hata moja ambapo mtu aliamka akasema sasa tunatawanyika. Karatasi yangu ilijaa mistari myekundu. Miaka ishirini na mbili nimesahihisha insha za watoto wa watu, na siku hiyo nilisahihishwa mimi.

Mama yangu alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, leso imefunika mdomo na mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikaona nimgeukie, labda yeye angeniokoa.

"Na wewe, Mama? Wewe tukuandike ulifanya nini?"

"Mimi?" Akaitoa leso mdomoni. "Mimi niwache. Mimi nilikuja tu kidogo. Mimi ni mgeni hapa."

Kanisa zima likacheka tena, kwa kuwa huo ulikuwa mzaha wake wa miaka yote. Nami nikacheka. Sikujua kwamba haukuwa mzaha.

Mama alifika Nakuru akiwa bibi harusi wa miezi minne, akimfuata baba yangu aliyekuwa amepata kazi katika karakana ya reli. Alikuja na kapu moja na blanketi moja. Baba alimwambia watakaa miaka miwili, mitatu ikizidi, halafu watarudi kwao wakajenge. Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Sisi watoto tulizaliwa Rhonda, tukasomea Rhonda, tukang'oa meno ya utoto Rhonda, lakini nyumbani kwetu hakukuwa na kabati hata moja. Kabati ni zito, Mama alisema, utalibebaje siku ya kurudi? Vikombe vilikaa kwenye kreti, nguo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na picha za ukutani zilining'inizwa kwa uzi kwenye msumari mmoja ili ziwe rahisi kuondoa.

Hakupanda mti pia. Alipanda sukuma wiki, mrenda na kunde, vitu vya kuvunwa baada ya majuma machache, basi. Nyuma ya nyumba pana mparachichi mkubwa unaotupa kivuli mpaka kwa jirani, na ukimuuliza, atakuambia ulijiotesha wenyewe kutokana na kokwa lililomwagwa na maji ya kuoshea vyombo. Ajabu ni kwamba ulijiotesha katikati kabisa ya kiwanja, ukajizungushia mawe, na kila Jumamosi jioni humwagiwa majivu kwenye shina. Na ole wa mtoto anayeupiga mawe.

Baba alifariki miaka tisa iliyopita, nasi tukamrudisha kwao, akazikwa karibu na wazazi wake. Mama alikaa kule miezi mitatu. Kisha akasema anakuja Nakuru kidogo kuangalia nyumba, na hajatoka hadi leo isipokuwa Desemba.

Juma lililofuata mkutano ule wa wazee, nilienda ofisini kwa karani wa kanisa kunakili majina ya waanzilishi. Kamati ilikuwa imeamua kwamba siku ya jubilii kila mwanzilishi aliye hai angeitwa mbele, avikwe shuka mabegani na jina lake lisomwe, na majina hayo yachapwe ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Walibaki kumi na mmoja tu. Karani wetu ni mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, lakini kwa daftari lake hana urafiki na mtu. Nilisoma orodha mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili.

"Mama hayuko," nikasema.

"Najua, Mwalimu."

"Unajua nini? Kanisa lilianzia uani kwetu. Benchi la kwanza alilikopa yeye. Uji wa ibada ya kwanza aliupika yeye!"

"Na mimi niliunywa, nikiwa mtoto." Akainuka, akatoa chini ya kabati daftari la kwanza kabisa, lililoliwa na mende pembeni. Akafungua ukurasa wa kwanza. Jina la Mama lilikuwa la tatu kutoka juu, limeandikwa kwa penseli wakati mengine yote yameandikwa kwa wino, na mbele yake, kwa penseli hiyo hiyo, maneno mawili: Barua haijafika.

Hapo inafaa nieleze desturi yetu. Kwetu, mshirika akiondoka mahali huandikiwa barua ya uhamisho na kanisa analotoka. Barua hufungwa kwa gundi na mwenyewe haruhusiwi kuifungua. Kazi yake ni kuibeba na kuikabidhi kwa kanisa linalompokea, lisome lenyewe. Siku anapoikabidhi, jina lake hufutwa kule na kuandikwa huku. Mpaka aikabidhi, hata kama anaimba, anafagia, anafundisha watoto na kuwazika wafu wenu, yeye ni mgeni.

"Alisema anayo, ataileta," karani akasema. "Hivyo ndivyo marehemu baba yangu aliniambia aliponiachia hii kazi. Daftari likijaa tunanakili lingine, na wale wa penseli hatuwanakili. Mwalimu, mimi naandika kile kiko na barua. Nikianza na mama yako, nitasimamia wapi?"

Nilitoka pale nikiwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira natembea haraka. Kutoka kanisani mpaka kwa Mama ni dakika kumi, siku hiyo nilitumia nne. Nilimkuta uani, chini ya mti wake uliojiotesha, anachambua mrenda ndani ya ungo.

"Mama, barua iko wapi?"

Hakuniuliza barua gani. Aliendelea kuchambua majani mawili, matatu, kisha akanyanyuka polepole akaingia ndani. Alirudi na mkebe wa biskuti ambao tangu utotoni tulijua una sindano na vifungo, na ambao tulipigwa marufuku kuugusa. Chini ya vifungo, ndani ya kipande cha kanga, palikuwa na bahasha ya rangi ya chai. Gundi yake ilikuwa bado imeshika.

"Miaka hamsini," nikasema. "Miaka hamsini, Mama, na iko hapa!"

"Si nilisema nitaipeleka."

"Lini?"

"Kukhu, keti chini." Mama huniita kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nilirithi jina la nyanya yake, na akiniita hivyo hujua nitapoa. Sikupoa. Nilimweleza habari za shuka, kijitabu, watu kumi na mmoja. Nilimwambia kwamba siku hiyo atakaa kwenye benchi akiwapigia makofi watu aliowapikia uji, na wajukuu wake watauliza mbona yeye haitwi. Nilimwambia atoe barua kesho, karani ataandika jina, mambo yaishe.

Alinisikiliza huku akiifuta ile bahasha kwa ncha ya leso.

"Nikiitoa hii, nimehama," akasema. "Kule watanifuta. Baba yako yuko kule peke yake, ananingoja. Nimwambie nini? Kwamba nilisema tunakaa kidogo, halafu yeye akarudi na mimi nikabaki?"

"Lakini umebaki, Mama! Umekaa kidogo kwa miaka hamsini!"

Nilijua nimekosea kabla sentensi haijaisha. Alinitazama, macho yakamjaa machozi, akafunga mkebe wake. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akanipikia. Tulikula ugali na ule mrenda, nami nilijichukia kila tonge.

Wiki mbili zilizofuata hatukutaja barua. Tuliongea habari za bei ya unga na mvua ya Mau, kwa adabu nyingi kupita kiasi. Ndugu yangu mdogo alipopiga simu ya picha kutoka majuu, ambako anafanya kazi ya kutunza wazee katika nchi yenye baridi, nilimshikia Mama simu ili aone theluji dirishani. Ndugu yangu huyo siku hizi anasema "sisi watu wa diaspora" kila baada ya sentensi mbili.

"Hiyo diaspora ni watu gani?" Mama akauliza.

"Ni watu waliotawanyika, Mama. Wanaishi mbali lakini kwao ni kwingine. Wana nyumba huku, roho iko kule."

"Aa," Mama akasema. "Basi hata mimi ni diaspora."

Ndugu yangu akacheka sana kule kwenye baridi yake. Mimi nilimtazama Mama, na hakuwa anacheka. Nilipofika kwangu Free Area jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba tumemlea mama yetu vibaya: sisi watoto wanne hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama amefika.

Kijitabu kilikuwa kinangojwa na mchapaji, kwa hivyo nilikimaliza. Neno kuhamia niliacha kulitumia kwa watu wote. Nilimpa kila mtu neno lake: huyu alitolewa, huyu alitembea, huyu alikuja kutafuta, huyu aliletwa na gari la moshi. Haikuwa sentensi moja nzuri, ilikuwa ukurasa mzima wa sentensi fupi zisizofanana, na kama mwanafunzi wangu angeniletea ningemwambia aunganishe mawazo. Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika majina kumi na moja, na chini yake nikaacha mstari mmoja mtupu. Karani alipopitia nakala aliuona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hapa umeacha nafasi," akasema.

"Nimeacha."

"Sawa," akasema, na akapiga muhuri.

Aliyefanya kazi ambayo mimi nilishindwa kuifanya ni fundi wa cherehani. Alhamisi kabla ya jubilii alikuja kwa Mama kumpima gauni, nami nilikuwepo, nimeketi mlangoni nasahihisha madaftari. Mama alisimama katikati ya chumba mikono imenyooka pembeni.

"Usinishonee ya kung'aa," akamwambia. "Mimi ni mgeni tu siku hiyo. Ya kung'aa ni ya wenyewe."

Fundi akaacha kupima. Utepe ukabaki umezunguka kiuno cha Mama, naye ameshika ncha mbili.

"Ati mgeni?"

"Si unajua mimi sina barua kwa kanisa."

"Mimi sijui mambo ya barua. Mimi najua hivi: nilifika hapo kwa mlango wa kanisa na cherehani kwa kichwa, miguu imefura, watoto wawili nyuma. Nani alitoka? Nani alinishukishia cherehani? Mimi nilisema pole, mimi ni mgeni. Ukaniambia nini?"

Mama akainamisha macho kwenye utepe.

"Uliniambia, karibu, ingia, hapa ni kwetu. Ulisema kwetu! Hiyo neno ndiyo nililala nayo, maana mkeka wenyewe ulikuwa na matundu." Fundi alikuwa anacheka huku analia, na utepe ulikuwa unazidi kukaza. "Sasa ukisema wewe ni mgeni, mimi nilipokelewa na nani? Hebu niambie. Mgeni alipokea mgeni?"

"Unanikaba na hiyo kamba," Mama akasema.

"Nitakukaba mpaka ujibu."

Mama akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kile kicheko chake cha mabega. Fundi akalegeza utepe, akaandika vipimo kwenye kiganja kama kawaida yake. Barua haikutajwa tena. Lakini wakati fundi anaaga, Mama alimwita kutoka mlangoni, akamwambia kama kitambaa cha kung'aa bado kipo basi na aweke kidogo, shingoni tu.

Jumapili ya jubilii kanisa lilijaa mpaka uani. Palikuwa na mahema, spika, na sufuria za pilau ambazo Mama alikuwa amezikagua tangu alfajiri. Waanzilishi kumi na mmoja waliketi mbele. Mama aliketi mahali pake pa siku zote, benchi la nyuma karibu na jikoni, gauni lake likiwa na ukanda wa kung'aa shingoni. Nilijaribu kumtazama asinione. Nilikuwa nimemwomba Mungu anisaidie nisilie majina yatakaposomwa, na nilikuwa nimebeba leso mbili kwa sababu sikumwamini Mungu sana katika hilo.

Kabla ya majina, kiongozi wa ibada alifanya kama afanyavyo kila Jumapili.

"Tuko na wageni? Wageni wetu wasimame, tuwasalimie."

Wakasimama wachache: wajumbe wa makanisa mengine, mchumba wa mtu, familia moja iliyohamia karibu na soko. Kila mmoja akasema anakotoka, akapigiwa makofi, akaketi. Kiongozi akawa anageuza ukurasa wake, mara benchi la nyuma likalia.

Mama alikuwa amesimama.

Watu waliokuwa karibu wakadhani anaenda kuangalia pilau. Lakini aliendelea kusimama, mkono umeshika kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga, na kanisa likaanza kunyamaza safu kwa safu.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mimi ni mgeni. Nimetoka magharibi. Nimechelewa kidogo, lakini nimeleta barua."

Kelele zilizozuka hapo sijui niziandikeje. Mzee wa Elburgon alisimama akapiga makofi na vidole vyake vinane. Fundi wa cherehani alipiga kigelegele kilichofanya spika ikohoe. Mama akatembea katikati ya mabenchi bila haraka, akaikabidhi bahasha kwa mchungaji kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, kisha akarudi nyuma hatua moja akasimama wima mikono pembeni. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na alikuwa na woga wa msichana. Akanitafuta kwa macho.

"Mchungaji, kama mzee wa kule ameandika makosa yangu, yasome polepole," akasema. "Nilikuwa mtoto."

Mchungaji wetu ni kijana, umri wake haufikii ule wa barua. Aliifungua kwa kijisu cha karani, akakunjua karatasi iliyokuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo, akasoma kwanza kwa macho. Akakohoa. Kisha akasoma kwa sauti, na mimi baadaye niliinakili yote, kwa hivyo naiandika hapa kama ilivyo:

"Kwa kanisa lolote litakalompokea. Salamu. Tunawatumia dada yetu huyu, anamfuata mume wake kwenye kazi ya reli. Ana sauti nzuri na mikono mizuri ya kazi, lakini husinzia mahubiri yakiwa marefu, msimwamshe kwa ukali. Hatujui atakaa huko siku ngapi. Mpokeeni, na mumtumie. Mkimaliza naye, mturudishie. Nafasi yake kwenye benchi hatutampa mtu."

Mama aliifunika midomo kwa mikono yote miwili. Miaka hamsini alikuwa ameogopa kuitoa barua hiyo isije ikamfungia mlango wa kwao, na muda huo wote mlango ulikuwa umeandikwa humo ndani kwamba uko wazi. Leso zangu mbili hazikutosha. Karani, mtu wa daftari, alikuwa amevua miwani na hakuwa anaifuta miwani.

Mchungaji akaikunja karatasi polepole. Akatutazama sisi, waliokaa, waliosimama na waliochungulia madirishani.

"Mmeisikia barua," akasema. "Inatuuliza kitu, na sisi tuijibu. Kanisa, tumemaliza naye?"

"Bado!"

Lilitoka mara moja, kwa watu wote, hadi kwa wanawake wa jikoni.

"Nasema, tumemaliza naye?"

"Bado!"

Akavikwa shuka ya kumi na mbili, ambayo niligundua kuwa karani alikuwa ameinunua mwenyewe na kuificha chini ya meza yake. Kisha karani akafungua daftari lake, akachovya kalamu ya wino anayoitumia kwa mambo makubwa tu, akaandika jina la Mama huku kanisa zima likimsimamia. Watu walitoa kalamu mifukoni na kujaza ule mstari mtupu katika vijitabu vyao, kila mmoja kwa mwandiko wake, wengine kwa makosa ambayo siku nyingine ningeyasahihisha.

Ilibaki barua yenyewe. Utaratibu ni kwamba huwekwa kwenye faili, na karani alikuwa tayari ameshika kitoboa karatasi. Mama akanyoosha mkono.

"Hapana, mwanangu," akamwambia. "Nakili unachotaka, lakini karatasi unirudishie. Hapo imeandikwa mnirudishe. Siku mkimaliza na mimi, mtajuaje pa kunipeleka?"

Karani akamtazama mchungaji, mchungaji akaitazama dari. Karani akaweka kitoboa chini. Mama akaifunga barua yake ndani ya kile kipande cha kanga, akaitia kifuani, akainua pindo za shuka yake mpya ili isiburute, kisha akaenda jikoni kuangalia pilau la wageni.